Ukiwa na kisukari, je, moyo mkunjufu unawezekana?

Anayetoka kliniki kwa mara ya kwanza na kadi ya kisukari mkononi huwa amepewa dawa, maelekezo ya chakula, na wosia mmoja wa ziada: "Usiwe na mawazo, mama, mawazo yanapandisha sukari." Dawa ina dozi. Chakula kina vipimo. Huo wosia hauna chochote, na wengi huwa wameshaushindwa kabla daladala haijafika kituo cha pili, maana hakuna aliyewahi kuacha kuwaza kwa kuambiwa aache.

Wosia huo si uongo. Mtu akiwa na hofu au msongo, mwili humwaga homoni zinazolisukuma ini litoe sukari, na mashine huonyesha hivyo. Ila ukimwambia mtu kwamba mawazo yake ndiyo yanayomuua, bila kumwonyesha la kufanya, unamwongezea wazo jingine juu ya yale aliyokuwa nayo.

Moyo mkunjufu unawezekana kwa mwenye maradhi ya kudumu, na si kwa wachache wenye kipaji cha subira. Mwaka 1999 watafiti wawili, Albrecht na Devlieger, waliwahoji watu wenye ulemavu mkubwa na wa kudumu, na zaidi ya nusu walisema maisha yao ni mazuri au mazuri sana, jambo ambalo waliowatazama kwa nje hawakulitegemea. Lakini moyo wa namna hiyo hauji kwa kuamrishwa. Hufuata vitu vinavyoshikika: usingizi, maumivu, kiwango cha sukari, pesa ya dawa, kazi, na watu unaokula nao. Anayetaka kuinua moyo aanzie huko. Makala haya yanatumia kisukari kama mfano kwa sababu ndio ugonjwa wa kudumu ambao mgonjwa mwenyewe hujitibu kwa sehemu kubwa, kila siku, nyumbani kwake. Mengi ya humu yanamfaa pia mwenye presha, selimundu au baridi yabisi.

Matumaini yanafanya kazi gani hasa

Kuna imani iliyoenea kwamba anayetabasamu hupona na anayelia hufa mapema. Mwaka 2007 timu ya James Coyne wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania ilichapisha utafiti wa wagonjwa 1,093 wa saratani ya kichwa na shingo. Walipimwa hali ya moyo wao, wakafuatiliwa. Waliokuwa na moyo mkunjufu hawakuishi muda mrefu kuliko waliokuwa na huzuni. Kwa mgonjwa hii ni habari njema: kulia usiku mmoja hakukupunguzii siku za kuishi.

Katika kisukari hali ni tofauti kidogo, kwa sababu matokeo yanategemea mno kile mtu anachofanya. Aliyekata tamaa huruka dozi, huacha kutembea, hakagui miguu yake, na sukari hupanda. Kwa hiyo matumaini yanasaidia pale yanapomfikisha mtu kwenye kidonge, kwenye kipimo na kwenye kliniki. Yasipomfikisha huko, hubaki starehe ya muda.

Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia wa Ujerumani, aliona tofauti hiyo mwaka 1991 alipowafuatilia pamoja na mwenzake wanawake waliokuwa wakipunguza uzito. Waliotarajia kwamba wangeweza walipungua zaidi. Lakini waliojichorea picha tamu akilini, wakijiona wameshakuwa wembamba na wala hawatamani tena vitumbua, walipungua kidogo kuliko wenzao waliokiona kishawishi kikija. Kutarajia na kuota ni vitu viwili.

Kwetu ndoto hiyo huja na sura ya hatari zaidi: kutangaza kwamba umepona. Mtu anaombewa, au ananunua chupa ya dawa ya mizizi, anajisikia mwepesi, na anaacha dawa ili asionekane hana imani. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye mwili wake hautengenezi insulini, akiacha sindano za insulini, ndani ya siku chache, pengine saa 24 tu, damu yake inaweza kujaa tindikali: kiu kali, mkojo mwingi, kutapika, tumbo kuuma, pumzi nzito za haraka, na harufu kama ya matunda yaliyoiva mno mdomoni. Hapo ni hospitali, saa hiyohiyo. Mwenye aina ya pili huchukua muda mrefu zaidi, na ndiyo maana hudanganyika: wiki tatu bila kidonge, hajisikii vibaya, anadhani ushuhuda umetimia. Macho na figo havisemi kitu mapema. Maombi hayagombani na kidonge. Anayeombewa anaweza kumeza dawa saa mbili usiku kama kawaida na kuacha vipimo viseme.

Na kwa wale wanaodhani kulalamika ni kukosa imani, Ayubu, anayetajwa msikitini na kanisani kama kielelezo cha subira, alimlalamikia Mola wake waziwazi. Subira haijawahi kuwa na maana ya kukaa kimya.

Kabla ya kuulaumu moyo, upime mwili

Hapa ndipo wengi hupotea, wagonjwa na hata wahudumu. Mtu mwenye kisukari anayekasirika ovyo, anayelegea, anayelala mchana au kulia bila sababu, anaweza kuwa hana tatizo la hisia kabisa.

Sukari kushuka ndiyo ya kwanza kukaguliwa. Ikiwa chini ya 4 (namba zote za sukari humu ni za mmol/L), mtu hutetemeka, hutoka jasho, moyo hudunda, na mara nyingi hugeuka mkali au mwenye hofu isiyo na chanzo. Watu wa nyumbani husema "siku hizi baba ana hasira." Walio kwenye insulini au kidonge cha glibenklamidi wako hatarini zaidi, hasa wazee na wenye figo dhaifu, na hasa kama walimeza dawa asubuhi kisha chakula cha mchana kikachelewa. Dawa yake ni vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au mililita 150 za soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado iko chini, kisha ule chakula chenye wanga. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, atapaliwa, akimbizwe hospitali.

Sukari kuwa juu kwa siku nyingi nayo huchosha. Seli hazipati nishati, mtu anakwenda haja ndogo mara nne usiku, usingizi unakatika, na asubuhi anaamka kama hakulala. Usingizi ukikatika wiki mbili mfululizo hata mzima hupoteza moyo.

Halafu kuna dawa. Metformini, kidonge cha kisukari, ikitumika kwa miaka inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo huleta uchovu, ganzi ya miguu, kusahau na huzuni. Ganzi hiyo hudhaniwa ni ya kisukari, basi mtu anaongezewa metformini. Kama umeitumia zaidi ya miaka minne au mitano, na hasa kama huli nyama, samaki, mayai wala maziwa, uliza habari ya B12. Predinisoloni, inayotolewa kwa pumu au baridi yabisi, hupandisha sukari na pia huvuruga usingizi na hisia. Upungufu wa damu na tezi ya shingo inayofanya kazi polepole huiga sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, vizuri kiasi cha kumdanganya daktari. Maumivu ya miguu yanayowaka usiku yana dawa yake. Amitriptilini ya miligramu 10 hadi 25 kabla ya kulala, ikiandikwa na daktari, husaidia wengi, na mtu aliyelala huamka mtu mwingine.

Njia rahisi ya kutambua ni daftari la siku 14. Chora safu tatu: sukari, saa ulizolala, na hali ya moyo wako kwa alama kutoka 0 (mzito kabisa) hadi 10 (mkunjufu kabisa). Andika kwa saa ileile kila siku, tuseme baada ya chakula cha jioni. Baada ya wiki mbili soma chini kwa mkupuo. Kama moyo unashuka siku za sukari ya 3 au ya 15, au baada ya usiku wa saa nne za usingizi, una jambo la kumwonyesha daktari. Kama unashuka bila kufuata chochote, hilo nalo ni jibu. Daktari mwenye foleni ya watu sitini mlangoni hatakuuliza habari za moyo wako. Ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri ataupitia kwa macho ndani ya dakika moja.

Namba inayogeuka hukumu

Sikiliza watu wakizungumza kwenye benchi la kliniki. "Leo nimefeli, kumi na nne." "Mwenzangu kafaulu." Kipimo kimegeuzwa mtihani, na anayeogopa kufeli hujipanga kwa namna mbili: hula vizuri siku tatu kabla ya kliniki, au haendi kabisa. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, hakidanganywi na siku tatu. Basi anatoka na karipio, na mwezi ujao hafiki. Kama kuna kitu kimoja kinachovunja mioyo ya wenye kisukari kuliko ugonjwa wenyewe, nadhani ni hiki.

Namba ya juu ina sababu nyingi, na chakula ni mojawapo tu. Umekata embe halafu ukapima bila kunawa mikono? Tone la damu limechanganyika na sukari ya embe. Vijiti vya kupimia vimekaa kopo wazi, au vimepita tarehe? Insulini ilisafiri kwenye dashibodi ya basi kutoka mkoani? Imeungua, chupa iliyofunguliwa haitakiwi kuzidi joto la nyuzi 25 hadi 30, na hutumika kwa takribani wiki nne. Pasipo friji, chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa maji, kikiwekwa kivulini penye upepo, huipoza vya kutosha. Unachoma palepale kila siku kwa sababu pameshakufa ganzi? Pamefanya uvimbe laini wa mafuta, na insulini haifyonzwi sawasawa hapo. Sogeza sindano upana wa vidole viwili kila mara, na upumzishe pale palipovimba. Una jipu, jino bovu, malaria, mkojo unaochoma? Maambukizi hupandisha sukari hata kama hukula kitu. Na wapo ambao sukari hupanda alfajiri kwa sababu homoni za kuamka zimefanya kazi yake.

Kuijua orodha hii hubadilisha swali. Badala ya "nimekosea nini mimi?" linakuwa "hii imetoka wapi?" Swali la pili lina majibu, na mtu mwenye swali lenye majibu hakati tamaa haraka.

Vijiti ni ghali, na ndiyo sababu wengi hupima wakijisikia vibaya tu. Hupati maarifa yoyote hapo, unapata hofu. Kwa asiyetumia insulini, kopo la vijiti 50 linaweza kufika wiki nane ukipima kwa jozi: kabla ya mlo mmoja na saa mbili baada yake, siku tatu kwa wiki, ukibadilisha mlo kila wiki. Wiki hii ugali na dagaa, wiki ijayo chapati na maharage. Kwa watu wazima wengi shabaha ni kati ya 4 na 7 kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili baadaye; mzee au mwenye maradhi mengine hupangiwa shabaha iliyolegezwa. Baada ya miezi miwili utajua ni mlo gani wa kwako unaopandisha, na mara nyingi utashangaa: chapati uliyoiogopa imepita salama, na uji wa asubuhi uliodhani ni dawa ndio wenye kesi. Anayetumia insulini asipunguze vipimo kwa mpango huu. Usalama wake unategemea kupima mara kwa mara.

Huzuni, kuchoshwa, na sonona

Hizi hali tatu hufanana usoni, na kila moja ina tiba yake.

Huzuni ya kupoteza ni ya kawaida. Umepoteza mwili uliokuwa unauamini, pengine kazi ya zamu za usiku, pengine futari ya pamoja. Inakuja na kuondoka kama mawimbi. Leo unalia, kesho unacheka kama watu wengine. Haihitaji dawa. Inahitaji muda na mtu asiyekukatiza. Hurudi kila ugonjwa unapopanda ngazi, siku ya kuanza sindano au siku ya kuambiwa habari za figo, na kurudi kwake si kushindwa.

Kuchoshwa na kisukari ni kitu kingine. Mtu hana huzuni ya dunia nzima. Amechoka na kisukari tu. Amechoka kuhesabu, kuchomwa, kuulizwa "na wewe unakula hiyo?" Watafiti wa Kituo cha Joslin mjini Boston walitengeneza mwaka 1995 kipimo cha maswali 20 mahsusi kwa hali hii, na tangu hapo imeonekana kwamba ipo kwa watu wengi kuliko sonona yenyewe, na kwamba inahusiana na sukari kuwa juu. Vidonge vya sonona haviitibu vizuri. Inatibiwa kwa kupunguza mzigo: kumwomba daktari apunguze idadi ya vidonge kwa siku inapowezekana, kuchagua jambo moja la kurekebisha mwezi huu na kuyaacha mengine yalivyo, na kukaa na wenzako wenye kisukari ambao huhitaji kuwaeleza kitu.

Sonona ndiyo ugonjwa kamili. Uchambuzi wa tafiti 42 uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba wenye kisukari wana uwezekano wa kuwa nayo karibu mara mbili ya wasio nacho. Kuitambua, jiulize mambo mawili kuhusu wiki mbili zilizopita: je, nimekuwa sina hamu wala raha ya kufanya mambo? Je, nimekuwa na moyo mzito, nimekata tamaa? Kila moja lipe 0 kama hapana kabisa, 1 kama siku kadhaa, 2 kama zaidi ya nusu ya siku, 3 kama karibu kila siku. Jumla ikifika 3, nenda ukaulizwe maswali yote tisa ya kipimo kiitwacho PHQ-9, ambacho kimetafsiriwa kwa Kiswahili na kutumika Kenya na Tanzania. Jumla yake ya juu ni 27. Kuanzia 10 inahitaji kushughulikiwa, na kuanzia 20 ni kali. Kwa mwenye ugonjwa wa kudumu kuna mtego: maswali ya uchovu, usingizi na hamu ya kula yanaweza kupata alama kwa sababu ya sukari tu. Maswali ya hatia, kujiona hufai na kukosa raha ndiyo yanayotenganisha.

Swali la tisa linauliza kama umefikiria kwamba ni heri ufe au ujidhuru. Jibu lolote lisilo 0 lizungumzwe siku hiyohiyo, hata kama jumla ni ndogo, na hasa kama kuna insulini ndani ya nyumba. Ndugu mmoja aitunze na atoe dozi. Wengine hunyamaza wakiogopa sheria. Kumweleza mhudumu wa afya kwamba umekuwa na wazo hilo si kosa, na Kenya Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba hata kifungu kilichoadhibu jaribio la kujiua kinapingana na Katiba. Kwa simu, Kenya kuna 1199 ya Msalaba Mwekundu, na Tanzania 199 ya Wizara ya Afya, zote bila malipo.

Sonona ya wastani na kali hutibika. Fluoksetini, ambayo kawaida huanza na miligramu 20 asubuhi, huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kufanya kazi, na wiki ya kwanza inaweza kuleta kichefuchefu na wasiwasi. Wengi huiacha hapohapo, kabla haijaanza kuwasaidia. Kwa mwenye kisukari inaweza pia kuteremsha sukari, kwa hiyo pima zaidi wiki za mwanzo, hasa kama uko kwenye insulini au glibenklamidi. Ukishapata nafuu, dawa huendelea miezi 9 hadi 12, kisha hupunguzwa taratibu na daktari.

Kazi za mikono kwa ajili ya moyo

Dawa peke yake haitoshi, na nchi zetu hazina wanasaikolojia wa kutosha. Harare, Zimbabwe, walipata njia. Kuanzia mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani, wahudumu wa afya ya jamii, kuketi na watu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Utafiti wa mwaka 2016 katika zahanati 24, wenye washiriki 573, ambao takribani wanne kati ya kumi walikuwa wanaishi na VVU, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita dalili za sonona zilibaki kwa mtu mmoja hivi kati ya saba waliokaa benchini, na kwa nusu ya waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo limefika hadi Malawi na Zanzibar.

Wale bibi hawamwambii mtu afikirie mazuri. Wanamsaidia kutatua tatizo moja. Unataja yote yanayokusumbua, bila kukatizwa. Unachagua moja, ikiwezekana lile dogo linaloweza kusogea wiki hii. Unataja njia zote za kulitatua, hata za kijinga. Unachagua moja, unaigawa hadi iwe hatua yenye siku na saa. Unarudi kusema ilikwendaje. Chukua mfano wa mama lishe mwenye kisukari. Matatizo yake: deni, miguu kuwaka, mume asiyeelewa, kukosa siku ya kliniki kwa sababu asubuhi ndiyo biashara. Akichagua la kliniki, njia zinaweza kuwa kumwomba jirani wa meza ashike sufuria, kuomba kliniki ya karibu na soko, au kuomba dawa za miezi miwili kwa mara moja. Hatua: "Alhamisi saa nane nikishaosha vyombo nitamuuliza muuguzi kama dawa za miezi miwili zinawezekana." Deni bado lipo. Lakini tatizo moja likisogea, mtu hukumbuka kwamba ana mikono.

Jambo la pili ni kufanya bila kusubiri hamu. Sonona humwambia mtu asubiri hadi ajisikie vizuri ndipo atoke; hali hiyo haiji mwanzo. Andika vitu vitano ulivyoviacha tangu uugue: kwaya, dufu, kusuka ukili, kutembelea dada yako, kumwagilia mchicha. Chagua kilicho rahisi zaidi, kipunguze hadi kionekane kidogo mno, na kipe saa. Kutembea dakika kumi baada ya chakula cha jioni ni mwanzo mzuri, kwani huteremsha sukari ya mlo huo na huleta usingizi.

La tatu linawafaa zaidi wenye maumivu na uchovu, wakiwemo wa selimundu. Siku nzuri mtu anafua, anapiga deki, anakwenda sokoni, kisha analala siku mbili. Afadhali upime: kwa siku tatu za kawaida andika dakika unazoweza kufanya kazi kabla ya kuchoka. Zikiwa wastani wa 25, fanya 20 kisha pumzika, hata kama bado una nguvu. Ongeza dakika mbili hivi kwa wiki. Pumziko huja kwa saa, halingojei uchovu.

Na la mwisho ni kuandaa jibu kabla ya kikwazo. Unakwenda harusini; utapakuliwa pilau mlima na soda mbili. Amua nyumbani, kwa maneno kamili: "Nikiletewa sahani, nitaanza na kachumbari na nyama, pilau nitakula kiasi cha ngumi yangu. Nikiletewa soda, nitaomba maji na kumpa mtoto soda." Ukiwa umeshakula njugu mkono mmoja kabla ya kutoka, utaweza. Ukienda na azma tupu ya kuwa imara, pilau itashinda.

Wale mnaoishi naye

Sufuria ya pembeni ya "chakula cha mgonjwa" ni mojawapo ya mambo yanayoumiza zaidi, na haina msingi. Chakula cha mwenye kisukari ni chakula kizuri kwa kila mtu: nusu ya sahani mboga, robo ugali au wali au ndizi, robo maharage, samaki au kuku. Pikeni sufuria moja, kila mtu apakue. Ugali wa dona hupandisha sukari polepole kuliko wa sembe, lakini kiasi bado kinahesabika. Dona milima miwili ni milima miwili.

Acheni kuwa askari wa sahani yake. "Na wewe unakula hiyo?" humfunza kula kwa siri, basi. Mtu akisema amechoka, msikimbilie "jikaze" wala habari za shangazi aliyepona kwa mlonge. Semeni pole, nyamazeni kidogo, kisha ulizeni kitu kinachojibika: "Leo nikusindikize kliniki, nibaki na watoto, au nikae tu hapa?" Jifunzeni dalili za sukari kushuka na mahali sukari inapowekwa, ili usiku wa manane asiwe yeye peke yake anayejua. Na anayekwenda naye kliniki aende na lile daftari la siku 14, aseme sentensi moja ambayo mgonjwa mwenyewe mara nyingi huimeza mbele ya daktari: "Tangu mwezi uliopita halali, na hachangamkii chochote; tunaomba apimwe na hilo."